Warukaji wa Dodoma: hawa wawili wa kahawia ni ndugu au ni yule yule? (picha ndani)

MkoleMmoja (mwanzisha uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Naomba wajuzi wa wadudu mnisaidie kabla sijaaibika mbele ya wanafunzi. Nafundisha baiolojia sekondari, pembezoni mwa jiji kwa njia ya Hombolo. Tuna klabu ya mazingira, na tangu mwaka juzi tunaandika kwenye daftari kila kipepeo tunayemwona kuzunguka shule, kwenye makorongo na kwenye mashamba ya zabibu ya majirani. Wale wakubwa wa rangi rangi hawatusumbui. Wanaotutoa jasho ni hawa wa jamii ya Hesperiidae, ambao sisi darasani tunawaita warukaji. Mwili mnene, kichwa kipana, vipapasio vimeachana na ncha zake zimepinda kama ndoana. Wakiondoka hawapepei kama vipepeo wenzao, wanachomoka. Ukisema "huyo pale" ameshafika kwingine.

Picha ya 1 na ya 2 nimepiga wiki iliyopita kwenye mlama mmoja nyuma ya maabara. Wote wakubwa, kama sentimita tano ncha kwa ncha, wote kahawia ya kijivu kwa juu. Kwenye daftari wameandikwa Coeliades pisistratus. Nasema wote kumi na wanne wa hiyo miaka miwili, maana mimi ndiye niliyewapa jina siku ya kwanza na watoto wakafuata.

Juzi binti wa kidato cha pili kaniuliza, "Mwalimu, mbona huyu ana nukta na huyu hana?" Nikamjibu asiye na nukta amechakaa tu. Usiku sikulala vizuri.

Picha ya 3 ni wale wadogo wa kahawia wa kwenye nyasi. Hao nao naomba jina.

BiVumbi

Kumbe Dodoma kuna vipepeo? Miaka sita niko Area C, naona vumbi na senene wa kubahatisha. Nimekaa hapa na karanga zangu, nawasubiri wajuzi.

KinyongaHewa

Mkuu hao ni nondo. Mwili wa nondo, rangi ya nondo. Uzi ufungwe.

MzeeWaMzakwe

Usifungwe. Nondo mwenye kipapasio cha kirungu kilichomalizikia na ndoana utamtafuta sana. Warukaji ni vipepeo kamili, duniani wako zaidi ya spishi 3,500, na ni kweli wengi wamenyimwa rangi, ndiyo maana hata wakusanyaji wa vipepeo huwaruka.

Mwalimu, mimi si daktari wa wadudu. Ujanani nilibebea watafiti nyavu misimu mitatu, Mpwapwa mpaka Itigi, na jioni kazi yangu ilikuwa kupanga vipepeo kwenye bahasha za karatasi. Ukipanga mia tatu kwa usiku mmoja kwa mwanga wa kandili, jicho linajifunza lenyewe.

Huyo binti mpe daftari jipya kama zawadi. Yuko sahihi.

Angalia upande wa chini wa bawa la nyuma. Si juu. Juu hao ndugu wanne karibu wote ni kahawia, hapo hakuna cha kusoma. Picha ya 1, mkanda mweupe mpana umeshuka safi kama kanzu ya Ijumaa, hauna doa. Huyo ni Coeliades forestan. Picha ya 2, mkanda ni mweupe vile vile lakini una nukta nyeusi, mbili zinaonekana vizuri. Huyo ndiye pisistratus. Ukikuta nukta nyeusi moja kubwa, hapo ni anchises. Ukikuta hakuna mkanda mweupe kabisa, waza libeon.

Afrika Kusini kundi hili wanaliita polisi, na wanawatenga kwa nyota za begani: huyu wa nyota moja, huyu wa mbili. Forestan basi ni kuruta, hajapewa kitu. Mimi nimewakariri hivyo miaka arobaini na sijakosea tena.

Na hilo jibu la uchakavu, mwalimu, litoe. Kipepeo akichakaa anadondosha magamba, ule unga unaobaki kidoleni. Bawa linapauka, linachubuka, linararuka pembeni. Uchakavu haufuati mpangilio. Nukta ikikosekana bawa la kushoto na la kulia pia, mahali pale pale, na weupe unaozunguka ni mzima, hiyo si nukta iliyofutika. Haikuwepo.

MkoleMmoja

Shikamoo mzee. Nimerudi kwenye picha zote za zamani. Kati ya kumi na wanne, watatu tu ndio nina picha ya upande wa chini! Waliobaki nimewapiga kwa juu, mabawa yamefunguka, nikiona fahari kabisa.

MzeeWaMzakwe

Marahaba. Ndiyo kawaida, kila mtu anapenda uso. Sasa hao polisi wana tabia moja itakayokusaidia. Wakitua, mara nyingi wanaingia chini ya jani, miguu juu, mabawa wameyafunga. Na wanachangamka alfajiri na magharibi kuliko mchana. Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi nenda kwenye huo mlama, lala chali chini yake. Usiogope kuonekana mwehu. Hapo upande wa chini unauona bila kuomba.

BiVumbi

Mwalimu amelala chali chini ya mti saa kumi na mbili asubuhi. Mtendaji wa mtaa akipita tutasikia mengine.

KorongoKondoa

Naomba nami nichomekee. Huku Kondoa, kwenye njia za kwenda kwenye michoro ya mapangoni, tuna wale wadogo weusi wenye madoadoa meupe mwili mzima kama kanga. Namaanisha kanga ndege, si kanga ya BiVumbi. Jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, ni Spialia. Wadogo kweli, sentimita mbili na kidogo, wanakaa juu ya udongo mtupu wamechanua mabawa.

Mimi nilihangaika nao mwaka mzima nikihesabu madoa ya juu. Nina karatasi zimejaa michoro, doa hili kubwa, doa lile limeelekea kushoto. Kazi bure. Nilipogeuza bawa ndipo mambo yakaeleweka: Spialia dromus, ule mkanda mweupe wa katikati ya bawa la nyuma kwa chini umeungana, unatoka ukingo hadi ukingo. Spialia spio mkanda umekatika, unabaki vipande vipande. Hao wawili sasa nawatenga nikiwa nimesimama.

Ila kuna Spialia wengine: kuna mafa, kuna delagoae, kuna colotes. Hao naandika "Spialia" nanyamaza.

Tatizo ni kwamba wanakaa wamechanua, chini hakuonekani. Dawa yake ni wingu. Jua likifunikwa mara nyingi wanafunga mabawa. Simama karibu, usitupe kivuli chako juu yake, subiri wingu lipite. Mwezi wa pili na wa tatu mawingu ni ya kumwaga. Mwezi wa nane utasubiri mpaka ndevu ziote.

KinyongaHewa

Swali la kiungwana. Ina faida gani kujua mkanda umekatika au haukukatika?

ShambaBahi

Mimi nitajibu kwa upande wangu, maana uzi huu umenikuta na shida hiyo hiyo.

Nina mpunga bondeni Bahi na ekari mbili za uwele juu. Mwezi huu kwenye uwele nimekuta majani yamekunjwa kwa urefu, yameshonwa kwa nyuzi nyeupe, ndani mna kiwavi wa kijani. Jirani kapiga kelele viwavijeshi hao, nunua dawa leo leo, kesho huna shamba. Kijana wa duka la pembejeo naye, bila kutoka nje ya kaunta, kaniuzia chupa. Nimeiweka stoo. Nikakumbuka mwaka ule viwavijeshi vamizi walipoingia nchini tulifundishwa kuwatazama usoni: kichwani wana alama kama Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia wana nukta nne zimekaa kama pembe za mraba. Wangu hawana Y wala hizo nukta. Wana kichwa kikubwa kinachozidi shingo, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake.

Je, hao wanaweza kuwa watoto wa warukaji?

MzeeWaMzakwe

Sasa umesema jambo. Kichwa kikubwa na shingo nyembamba, ndani ya jani lililoshonwa, kwenye jamii ya nyasi: mrukaji. Hana ubaya wa kiwavijeshi. Anajenga kibanda chake, anakula pembeni, na choo anakifyatua nje, hakai nacho. Ndiyo maana ukifungua kibanda unakuta pasafi, tofauti na kiwavijeshi anayeacha vinyesi kama unga wa mbao kwenye moyo wa mmea. Hesabu mimea yenye vibanda. Kama ni kumi katika ekari mbili, waminye kwa vidole au waache. Chupa irudishe dukani.

Lakini nitakuomba kitu. Chukua viwavi wawili na majani yao, weka kwenye ndoo yenye chandarua juu, badilisha majani kila siku. Acha waive wawe pupa, watoke. Hilo ndilo jibu la picha ya 3 ya mwalimu pia.

MkoleMmoja

Nilitaka kuuliza hapo hapo, mzee. Picha ya 3 umeiruka.

MzeeWaMzakwe

Nimeiruka makusudi. Nikikupa jina kwa picha ile nitakuwa mpiga ramli.

Kwanza angalia alivyokaa: mabawa ya nyuma ameyalaza, ya mbele ameyainua nusu, kama ndege ya kivita iliyoegeshwa. Mkao huo ni wa warukaji wa nyasi. Hilo nalithibitisha. Kuanzia hapo una jenasi tatu mkononi ambazo zote ni kahawia, zote zina vidoa vyeupe vinavyopitisha mwanga kwenye bawa la mbele, zote zinapenda nyasi: Pelopidas, Borbo na Gegenes.

Geuza bawa la nyuma. Pelopidas ana safu ya nukta ndogo nyeupe iliyopinda kama mwezi mchanga, na zaidi ya hiyo safu ana nukta moja peke yake upande wa ndani, karibu na shina la bawa. Hiyo nukta ya upweke ndiyo unayoitafuta. Borbo kwa kawaida hana hiyo ya ndani, ana chache za kwenye safu tu. Gegenes yeye upande huo nukta zimefifia au hazipo, na vipapasio vyake ni vifupi, vinaonekana kama vimekatwa kwa mkasi. Dume wa Gegenes pumilio hata juu hana doa, kahawia tupu.

Ukishathibitisha Pelopidas, hapo ndipo nakuruhusu kurudi upande wa juu, mara moja tu. Dume ana mstari mwembamba uliolala mshazari katikati ya bawa la mbele, kama mkwaruzo wa chaki. Ukiwa mweupe, ni Pelopidas thrax. Ukiwa wa giza, ni mathias. Thrax pia ni mkubwa kidogo na vidoa vyake ni vipana. Jike hana mkwaruzo huo, mahali pake utakuta vinukta. Jike aliyechakaa, mwalimu, andika "Pelopidas" ukalale.

Kwenye picha yako kipepeo amekaa kimgongo, jua la saa saba limemchoma, chini hakuonekani, na bawa la mbele linang'aa hata mstari kama upo umemezwa. Hakuna mtu anayeweza kuisoma. Anayekupa jina kamili hapo anakufurahisha tu.

KorongoKondoa

Nikazie hapo kwenye jua la saa saba. Simu hizi zetu zikiona kitu cheupe kwenye jua kali zinakiunguza. Gusa kioo pale penye weupe kabla ya kupiga, teremsha mwanga. Picha itaonekana ya giza lakini nukta zitabaki. Na pembe moja haitoshi: nilipoteza anchises mmoja, nikadhani mkanda ni safi, kumbe nukta ilikuwa kwenye kona iliyofichwa na jani na mimi nimepiga mara moja tu. Piga kumi, kila pembe.

ShambaBahi

Siku ya kumi na nne tangu niulize. Ripoti kutoka kwenye ndoo.

Kiwavi mmoja alikufa, sijui nilimminya wakati wa kubadilisha jani. Wa pili aligeuka pupa, kijani mrefu, amejifunga kiunoni kwa uzi kama mtu anayepanda mnazi. Mwanangu wa miaka minane alikuwa anaamka kabla yangu kwenda kumwangalia. Jana jioni pupa ilibadilika rangi, ikawa ya giza, vidoa vya bawa vikaonekana kwa ndani. Leo saa mbili asubuhi ametoka.

Nimempiga picha kabla mabawa hayajakauka, alikuwa mpole kabisa, anapanda kwenye kidole. Chini, bawa la nyuma: safu ya nukta imepinda, na ile ya upweke IPO. Juu: mstari upo, mweupe, umekaa mshazari. Nimemwita mke wangu aje aushuhudie, kaniambia ana uji motoni.

Thrax, mzee? Au najidanganya?

MzeeWaMzakwe

Hujidanganyi. Pelopidas thrax, dume, hajapoteza gamba hata moja. Na umempata kwenye uwele, ambao ndio chakula anachojulikana nacho. Picha hiyo itunze, ni bora kuliko nyingi nilizowahi kuona. Umemwachia?

ShambaBahi

Alijiachia mwenyewe. Nilifumba jicho kupiga chafya.

MkoleMmoja

Hongera mkuu. Nami nalipa deni.

Asubuhi sita nimelala chini ya mlama. Mlinzi wa shule alidhani nimezidiwa, akaniletea maji. Daftari sasa liko hivi: wale kumi na wanne nimewafuta kwa mstari mmoja, jina la zamani linasomeka chini yake, maana nimewaambia watoto kosa halifichwi. Watatu wenye picha ya chini: wawili forestan, mmoja pisistratus. Kumi na mmoja waliobaki wameandikwa "Coeliades", basi. Inauma. Kwenye hizo asubuhi sita nimeongeza forestan watano na pisistratus mmoja. Yaani yule niliyekuwa namwandika kila mara ndiye adimu hapa kwangu, na yule ambaye hakuwahi kuwepo kwenye daftari ndiye anayezagaa.

Anchises bado namtafuta. Binti wa kidato cha pili anadai amemwona kwenye ua la jirani, nukta moja. Nimemuuliza, umeona bawa la kulia na la kushoto? Kasema moja tu. Nimemwambia arudi.

MzeeWaMzakwe

Huyo binti atakuja kutuzidi wote.

BiVumbi

Wakuu, msaada wa haraka. Nimeingia stoo kuchukua mkaa, ukutani nyuma ya gunia kuna mdudu wa kahawia iliyoiva, mdogo, amejibandika na mabawa ameyachanua bapa kabisa. Vipapasio vina ndoana!! Nimechuchumaa hapa na simu, miguu inakufa ganzi. Ni nani huyu?

KorongoKondoa

Anajificha gizani na amekaa bapa? Inawezekana ni Sarangesa. Huku tunawakuta kwenye mashimo ya vichuguu na chini ya kingo za korongo, penye kivuli. Au Eretis, wanafanana mno. Usiwashe taa ya stoo. Unaona chini ya bawa la nyuma?

BiVumbi

Nitaonaje na amejibandika ukutani? Nimguse?

MzeeWaMzakwe

Usimguse mama. Weka simu ubavuni kwake, sambamba na ukuta, tochi kwa mbali. Akijisogeza atainua bawa kidogo. Tunataka kujua jambo moja tu: chini ni kahawia au ni njano? Sarangesa phidyle chini ya bawa la nyuma ana njano.

BiVumbi

Anasogea

BiVumbi

NJANO. Wakuu ni njano kabisa kama ute wa yai la kienyeji! Nimeangusha simu kwenye mkaa lakini nimeona kwa macho yangu!

MkoleMmoja

Picha?

BiVumbi

Picha ya mkaa ninayo.

KinyongaHewa

Nondo huyo.